Sauti ya Mama Yake

Mke wangu aliponiomba tumfiche binti yetu kwamba yeye, mama yake, anaumwa, nilikubali. Sikuomba hata muda wa kufikiri. Tulikuwa tumerudi kutoka hospitali ya Meru, tumekaa kwenye mkeka uani kwetu, mtaa wa Wabera, naye alikuwa akinywa maji kwa kijiko kwa sababu koo lilikuwa halipitishi kitu kizito. Daktari alikuwa ametuambia ni saratani, na kwamba tumechelewa. Mke wangu akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akasema, "Asijue mpaka amalize." Nikasema sawa. Nilipaswa kusema hapana.

Binti alikuwa Ulaya. Kabla ya hapo alikuwa anasomea shahada ya pili ya sheria Nairobi, na katika darasa lao walichaguliwa wachache kwenda kufanya uanagenzi katika mahakama moja ya kimataifa: kujifunza kazi kwa kuifanya, nusu mwaka, bila mshahara. Jirani yetu, mama aliyeuza maziwa ya ngamia pamoja na mke wangu tangu wakiwa wasichana, alicheka sana aliposikia.

"Amesoma mpaka akasahau kuuliza mshahara? Hata punda wa hapa mjini hulishwa."

"Wewe uza maziwa," mke wangu akamwambia. "Huyu akirudi ni jaji, na wewe utakuwa wa kwanza kumletea kesi ya mpaka wa ua."

Mimi niliishia kidato cha nne, kisha nikaendesha malori barabara ya Moyale mpaka mgongo ukakataa. Sheria niliyoijua ni ile ya vizuizi vya polisi. Kwa hiyo binti alinieleza kazi yake polepole, kama mtu anayemvusha mzee barabara. Alisoma maelezo ya watu walioona vita, akalinganisha maneno ya shahidi mmoja na ya mwingine, akatafuta mahali yasipokubaliana.

"Aabo," alisema, maana hivyo ndivyo watoto wetu wanavyoita baba, na mama humwita hooyo, "anayedanganya hakamatwi kwenye jambo kubwa. Jambo kubwa amelifanyia mazoezi. Hukamatwa kwa kitu kidogo kilichokuwa pembeni, ambacho hakukiona."

Nilimwambia hiyo ni akili nzuri. Nilijivunia.

Sababu ya mke wangu ilikuwa visa. Alikuwa amesikia mahali kwamba karatasi ya aina ile ni ya kuingia mara moja, ukitoka mlango umefungwa. Alisikia wapi, sikuuliza. Wala sikuuliza kama ni kweli. Hapa mjini kuna watu wengi wenye watoto ng'ambo, na yeyote kati yao angeweza kunieleza. Nilijiambia kwamba nikianza kuuliza habari zitavuja. Lakini kulikuwa na jambo lingine, na hilo ni langu, si la marehemu. Pale tunapokaa wazee baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nimezoea kuulizwa, "Na wa mahakamani, anasemaje?" Nilipenda swali hilo. Sikutaka kuja kuwajibu kwamba amerudi kabla ya kumaliza.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba sauti nayo itakwenda. Ndipo mke wangu akapata wazo lake. Alitaka nimrekodi kwa simu angali anaweza kusema, jumbe nyingi fupi, niwe ninazituma moja moja.

Tulizirekodi mchana mmoja, yeye amekaa kwenye kibao karibu na mitungi yake ya maziwa.

"Usikohoe wewe," alinionya. "Atadhani wewe ndiye mgonjwa."

"Sema tu kama kawaida."

"Kawaida nikisema, wewe husikilizi."

Akasema. Alimwambia binti avae soksi. Alimwambia asiache kuswali kwa kisingizio cha baridi. Alimwambia bei ya maziwa imeharibika kwa sababu ya kiangazi, na jirani bado anatia maji kwenye mtungi akidhani hakuna anayemwona. Katika ujumbe wa mwisho adhana ya alasiri ilianza, muadhini wetu mzee akiita kwa ile sauti yake nzito yenye kukwaruza. Mke wangu akanyamaza kama tunavyonyamaza sote, akasubiri mpaka mwisho, kisha akaendelea. Nilitaka turudie.

"Acha," akasema. "Sina sauti ya kurudia."

Wiki chache baadaye hakuwa nayo kweli. Alibaki na mnong'ono, halafu ishara za mikono. Mimi nikawa ninatuma. Binti akipiga simu na kumtaka mamake, mama alikuwa ameenda Ngaremara kununua maziwa, au amelala, au yuko kwenye harusi. Nikikata simu, mke wangu aliyelala hatua chache kutoka nilipokaa aliinua kidole gumba kunipongeza. Halafu aligeukia ukuta. Mara moja niliona mabega yake yakitikisika. Ningeweza kupiga simu palepale. Niliondoka chumbani.

Siku moja jirani alinikuta nikituma. Aliisikiliza sauti ya shoga yake ikitoka kwenye simu, na mwenyewe yuko kitandani hawezi kutamka jina lake.

"Mzee," akasema, "ndama akifa, wachungaji humchuna, ngozi wakamwekea mama yake ailambe, adhani mtoto yupo. Hufanya hivyo wapate maziwa. Wewe unamlambisha mtoto ngozi ya mama. Unapata nini?"

Nilimwambia hayo ni mambo ya nyumba yangu.

Katika majuma hayo pia, yule muadhini mzee alichukuliwa na mwanawe kwenda kuishi Garbatulla, na msikiti ukampata kijana mwenye sauti nyembamba, nzuri. Niliona mabadiliko hayo kama nilivyoona kila kitu wakati ule, yaani kwa mbali.

Mke wangu alifariki asubuhi. Kufikia alasiri alikuwa ameshazikwa, kama ilivyo desturi yetu. Niliwaomba jamaa wote wasiandike neno kwenye simu zao, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao, walinitii. Muda wa binti kumaliza ulikuwa umekaribia. Nikajiambia, asubiri hizo wiki chache tu, kwa kuwa hata akipanda ndege leo atakuta mchanga.

Siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa bado uani, nilituma ule ujumbe wa mwisho uliobaki.

Alipiga karibu mara moja. Niliingia chumbani nikafunga mlango. Sauti yake ilikuwa ya furaha, akasema amecheka kuhusu jirani na maji. Akauliza kama mamake amepumzika. Nikasema amepumzika. Hapo adhana ikaanza. Tulinyamaza wote wawili, yeye Ulaya na mimi Wabera, mpaka yule kijana akamaliza.

"Aabo, nani huyo anaadhini?"

"Kijana mpya. Mzee alienda kwa mwanawe."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Kabla ya mfungo."

"Na ule ujumbe wa hooyo, amerekodi leo?"

"Leo. Asubuhi hii."

Nilisikia akiucheza tena ujumbe ule.

"Mbona yule mzee yuko ndani yake? Asubuhi huadhiniwa alfajiri tu, na hii si ya alfajiri."

Nilijaribu kusema kitu kuhusu redio. Binti yangu alinisubiri mpaka nikamaliza, nadhani kama alivyofundishwa kule.

"Aabo. Hooyo yuko wapi?"

Upande wa pili wa mlango wanawake walikuwa wakisoma dua. Aliwasikia kabla sijafungua mdomo.

Alifika baada ya siku mbili. Hakulala kwangu, alilala kwa jirani. Nilimpeleka makaburini. Alikaa kando ya ule mchanga mwekundu mpaka jua likawa kali, akiupapasa kwa kiganja. Nilimweleza habari ya visa ili aelewe.

"Nani aliwaambia hivyo?" akauliza. "Ninatoka na kuingia ninavyotaka. Tumekaa meza moja na msichana aliyekwenda kwao kumzika babake. Alirudi, kiti chake kilikuwa kinamsubiri."

Nilianza kuokota majani makavu juu ya kaburi.

"Najua hooyo ndiye aliyeomba," akasema. "Lakini yeye alikuwa mgonjwa, anaogopa. Wewe ulikuwa mzima."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliniomba simu, akahamishia jumbe zote za mamake kwenye yake, kisha akazifuta kwenye yangu. Sikumzuia. Juma lililofuata alirudi kumaliza uanagenzi wake, na baadaye akapewa kazi hukohuko.

Sasa hunipigia kila Ijumaa. Huuliza kuhusu mgongo, kuhusu dawa za presha, kama mvua imenyesha. Ni binti mwenye adabu. Nikishamjibu, huaga na kumpigia jirani.

"Ameniuliza kama kweli umeenda kliniki," jirani huniambia kwenye ua.

"Si umwambie nimeenda?"

"Nimemwambia. Mimi ananiamini."

Mke wangu angekufa hata kama ningesema hapana, hilo nalijua. Lakini wangeagana. Niliwanyima hilo wote wawili, na mimi nikampoteza binti yangu. Yuko hai, ananijali, ananisikiliza mpaka mwisho, na haamini neno langu lolote.