Mama Mkwe Alivyoingia Greve Yetu

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita hapa Kalemie, na kama walimu wengine wa serikali nimegoma mara nyingi kiasi kwamba greve moja na nyingine zinanichanganya. Zote zilianza kwa mkutano wa kelele na zikaisha kwa nusu ya tulichoomba, pamoja na ahadi ya nusu iliyobaki. Kuzisimulia zote kunaudhi. Nasimulia moja tu, kwa sababu ndiyo pekee ninayoikumbuka nikicheka, na kwa sababu mtu aliyegoma kwa moyo kuliko sisi sote hakuwa mwalimu. Alikuwa mama mkwe wangu.

Alikuwa amefika kutoka Nyunzu kumwona mjukuu wake mpya, mtoto wetu wa nne. Niseme mapema kwamba mama huyu hakunitaka. Siku wajomba zangu walipokwenda kuposa, alisema mbele ya watu wote: “Mwalimu? Atalisha mutoto wangu chaki!” Watu walicheka, hata wajomba zangu wenyewe walicheka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira yangu ina kumbukumbu nzuri.

Kilichotusaidia tuishi kwa amani ni mila. Kwao, na kwetu pia, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na kamwe hawaonani wakila. Akija kwetu, chakula chake kinapelekwa uani, changu kinaingia chumbani na pazia linashushwa. Heshima hiyo inaweza kufunguliwa. Mkwe anatoa kitenge na kuku mbele ya shahidi, kisha wanakaa wote mkeka mmoja wanakula, na jambo limekwisha. Wenzangu wengi walilimaliza mara tu baada ya ndoa. Mimi kila mwaka nilikuwa nasema, mwaka ujao. Kusema kweli, pazia lile nililipenda.

Basi siku sendika yetu, chama cha walimu, ilipotangaza greve, nilirudi nyumbani nimetanua kifua. Safari hii haikuwa ile greve ya kwenda shuleni na kukaa barazani bila kufundisha. Ilikuwa ile tunayoiita greve kavu: hakuna mwalimu kukanyaga shule, milango imefungwa, mpaka serikali ijibu. Nilimkuta mama mkwe uani anabangua karanga. Nikasimama mbali, nikageuzia uso ukutani kama inavyotakiwa, nikamwamkia na kumpa habari.

“Mama, leo tumeingia greve kavu.”

“Kavu?”

“Kavu kabisa, mama. Mpaka serikali ijibu.”

“Balimu bote?”

“Bote. Hakuna wa kulegea.”

Nikasikia karanga zimeacha kuanguka kwenye beseni. Halafu akasema polepole, “Mungu abatie nguvu, batoto ya batu.”

Sauti yake ilinigusa. Nilijiambia kwamba hatimaye mama huyu ameelewa mapambano ya mfanyakazi. Nikaingia chumbani, pazia likashushwa, nikala mikebuka wawili wa kukaanga, samaki wa ziwa letu, kwa raha zangu.

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo sendika hailisemi mkutanoni. Greve ya walimu haianzi kumwuma waziri. Inaanza kumwuma muuza mandazi. Mke wangu huuza mandazi mlangoni pa shule yangu, kwa hiyo nyumba yetu iligoma mara mbili, mimi kwa kutaka na yeye kwa kukosa wateja. Asubuhi ya kwanza alikaa mbele ya mlango uliofungwa, mtoto mgongoni, mpaka jua likamchoma, akarudi na beseni limejaa. Watoto wetu wakayala yale mandazi yote na kusema greve ni kitu kizuri sana. Yule mama wa daftari na kalamu aliyekuwa jirani yake pale mlangoni alihamia kuuza ndizi. Fundi wa sare aliifunika cherehani yake shuka.

Na sokoni sikuweza kupita. Akina mama waliokuwa wakiniita mwalimu kwa adabu sasa walinivuta mkono wa shati. Mmoja, muuza ndakala, dagaa wa huku kwetu, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka bandarini, alinisimamisha katikati ya watu.

“Mwalimu, mutafungula lini? Batoto biko banakula tangu asubui mpaka magaribi! Unga inaisha! Atabalisha nani, miye?”

Nilimjibu kwamba sikuwazaa mimi. Lilikuwa jibu baya. Siku ile nilifika nyumbani kwa njia ya nyuma.

Lakini kesho yake nilipopita tena, mama yule yule alishusha sauti. “Pole, mwalimu,” akasema. “Tuko nabaombea.” Alikuwa akila muhogo wa kuchoma na karanga. Akaufunika kwa kanga upesi, kama mtoto aliyeshikwa darasani. Mbele kidogo muuza maji alinitazama kwa huruma, akageuza ndoo yake upande wa pili. Mwingine akasema, “Jikaze, papa. Yezu pia alijikaza.”

Nilikwenda moja kwa moja kwa wenzangu na kuwaambia kwamba uhamasishaji wetu umezaa matunda, wananchi sasa wako upande wetu. Nilitoa hotuba fupi kuhusu hilo. Walinipigia makofi.

Mchana wa siku hiyo nilikuwa nyuma ya pazia langu, mbele ya ugali na sombe, kisamvu chetu, mke wangu alipoingia na kusimama mikono kiunoni. Ninapomwona hivyo huwa natafuta kosa langu ni lipi.

“Mama hakule tangu jana,” akasema kwa kunong’ona. “Wala maji.”

“Anaumwa?”

“Iko anafunga. Kavu. Juu yako.”

Tonge likabaki hewani. Ndipo akanieleza, na kila neno lilikuwa likinivua nguo. Kanisani kwa mama mkwe, mtu mwenye shida kubwa sana hufunga kavu, yaani hali wala hanywi, mpaka Mungu ajibu. Mimi nilimwambia greve kavu, walimu wote, mpaka serikali ijibu. Alisikia mfungo. Alielewa kwamba walimu wa Kalemie wameamua kukaa na njaa na kiu kwa ajili ya mishahara yao, na jioni ile ile akapeleka habari kwa akina mama wa maombi wa mtaa wetu, nao wakaifikisha sokoni. Kisha akatazama nyumbani akaona ni kweli, kwa maana tangu amenijua hajawahi kuniona nikila.

“Mwambie ninakula!” nikasema, mdomo una sombe.

“Nilimwambia. Anasema bibi muzuri anafichaka njaa ya bwana yake.”

“Basi nitamwambia mwenyewe.”

“Sikia kwanza. Amemwapia Mungu. Hatatia kitu mu kinywa mpaka akuone unakula. Akuone na macho.”

Nilicheka. Kicheko kilikatika nilipochungulia pembeni mwa pazia. Mama mkwe alikuwa ameanza kufagia uwanja, akaacha katikati, akakaa chini akiegemea ukuta, ufagio mapajani. Midomo yake ilikuwa imepauka. Ni mtu wa tansio, shinikizo la damu, na vidonge vyake daktari alisema visimezwe bila chakula, kwa hiyo alikuwa ameviacha navyo. Jua la mchana huo lilikuwa kali na hakuna upepo uliotoka ziwani. Niliogopa. Nilimwona amekufa uani kwangu kwa ajili ya maneno mawili niliyoyasema nikitazama ukuta.

Na chini ya woga kulikuwa na jambo lingine lililoniuma zaidi. Mwanamke yule yule wa chaki alikuwa akikausha koo lake ili mimi nilipwe. Mama yangu mzazi, anipendavyo, hajafanya hivyo. Mimi mwenyewe, kwa ajili ya mshahara wangu, nilikuwa sijakosa hata mlo mmoja.

Nilitoka, nikasimama mbali na kugeuza uso. “Mama, greve kavu si kufunga. Maana yake hatuendi kazini tu. Chakula tunakula.”

“Ndiyo, papa,” akajibu. Ilikuwa “ndiyo” ile ambayo watu wazima humpa mtoto anayesema hakuvunja sahani.

“Ni kweli, mama!”

“Ndiyo, papa. Mungu anaona.”

Mimi hulipwa, serikali ikikumbuka, kwa kueleza mambo mpaka mtoto wa nyuma kabisa darasani aelewe. Nilirudi chumbani nimeshindwa.

Mke wangu alikuwa ameshatoa kitu sandukuni: kitenge chake cha sikukuu ya wanawake, ambacho hakijapata kushonwa. Akakiweka magotini pangu.

“Kitenge na kuku,” akasema. “Leo.”

“Sasa hivi? Katikati ya greve?”

Akanionyesha uani kwa kidole. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wangu niliuacha kwa miaka. Kitenge kilikuwepo, lakini kuku? Uani kulikuwa na kuku mmoja tu, jike mweupe, naye ndiye aliyeletwa na mama mkwe mwenyewe kutoka Nyunzu kwa ajili ya mzazi. Tulitazamana, mimi na mke wangu. Mkono mtupu haulambwi, lakini sijui wahenga walisema nini kuhusu mkono unaorudisha kuku wa mwenyewe.

Shahidi tulimpata kwa jirani, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akashika mlango, kisha akauliza kuku ni mkubwa kiasi gani, akaenda kuvaa koti.

Alisimama uani akazungumza kwa niaba yangu, kwa maana mimi bado sikuruhusiwa kumkabili. Akasema mkwe amechelewa lakini amefika. Kitenge kikapita. Kisha nikamnyooshea mama yule kuku, uso wangu ukitazama jiko, na kuku akapiga kelele kama anayetoa ushahidi.

Nikasikia mabawa ya kuku yakikunjuliwa moja moja.

“Papa,” mama mkwe akamwambia mzee wa reli, “huyu kuku si ile yangu?”

“Njo ile, mama,” mzee akasema. “Ulimupa bintiyo. Bintiyo amemupa bwana yake. Bwana yake anakupa weye. Hii mambo ni ya sheria kabisa.”

Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia hata mara moja tangu nioe: mama mkwe akicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kisicho na mate, kikaishia kwenye kikohozi, na mke wangu akamshika bega. “Nimepokea,” akasema.

Kuku akachinjwa. Akina mama wawili wa maombi waliokuwa wamekuja kumtia nguvu mfungaji walijikuta wakinyonyoa manyoya. Hakuna aliyemshinikiza mama mkwe anywe maji, tulijua asingekubali. Tulichochea moto. Sijawahi kuona kuku mgumu kuiva kama yule. Mzee wa reli alitaka kutusimulia greve za zamani za relini, na mara mbili nilimkatiza kwa ukali, jambo ambalo si adabu. Macho yangu yalikuwa kwa mama. Alikuwa amekaa mkekani, ameshika kikombe cha maji kilichojaa, akingoja tu.

Hatimaye sahani ikaletwa. Nikakaa mkekani, mbele yake. Mke wangu akatuwekea ugali katikati, akarudi nyuma na mtoto. Mzee wa reli akasema neno la kufungua. Nikanawa, nikainua macho.

Sura ile nilikuwa siijui. Nilizijua kanga zake, sauti yake, miguu yake. Kumbe mke wangu alichukua paji la uso kwake. Kumbe mtoto wetu wa pili, yule mbishi, alichukua kidevu. Macho yalikuwa mekundu kwa kiu, na yalinitazama bila aibu hata kidogo, kwa maana alikuwa na kazi ya kufanya. Alikuja kuona.

Nikakata tonge, nikachovya kwenye mchuzi, nikatia kinywani. Mimi niliyekula nyuma ya pazia bila wasiwasi, nilitafuna, nikatafuna tena, na chakula kikakataa kushuka. Nilitaka kumwambia asante. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa mpumbavu wa miaka mingi. Machozi yakanijaa mbele ya watu wote, shavu limevimba kwa ugali, na akina mama wa maombi wakaanza kuguna kwa huruma.

Mama mkwe akaniinamia, kikombe mkononi.

“Meza, papa,” akasema. “Mi niko na njaa.”

Nikameza. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye sahani.