Ndoo ya Funguo

Nzzz.

Sauti hiyo fupi, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, ndiyo aliyoikumbuka Méthode kila alipoamka juma lile. Ilikuwa sauti ya pampu ya petroli chini ya kiti cha nyuma. Kwa miaka tisa, kila alipogeuza ufunguo, ilivuma sekunde mbili kisha ikanyamaza, kama mtu anayeitikia jina lake. Tangu Jumapili haikuitikia.

Jumapili hiyo betri ilikuwa imekufa nje ya kanisa, na Pascal, mwimba besi, rafiki yake tangu walipokuwa kambi ya wakimbizi, akaja mbio na kebo zake za kuazima moto kwenye betri ya gari jingine. Kebo za Pascal zote mbili zilikuwa nyeusi. Ile nyekundu ilikatika zamani, akatafuta yoyote ya kuziba pengo. Wanaume saba wa kwaya waliinama juu ya injini, kila mmoja fundi, huyu akisema Kirundi, yule Kiswahili, yule Kifaransa, wote kwa pamoja. Katika kelele hizo Pascal alibana kebo kinyume. Cheche ya buluu ikaruka. Méthode aliiona, akafumba kinywa. Kwao, mtu aliyeacha chakula chake cha Jumapili kikipoa ili aje akusaidie, huwezi kumwaibisha mbele za watu.

"Bado," alisema Pascal, akizigeuza kebo upesi. "Jaribu tena, kaka."

Gari lilikaa kimya.

Lilikuwa gari la kijivu la mwaka 2004. Méthode alikuwa mwalimu wa fizikia kule kwao Gitega, lakini Durban ilimpa kizibao cha kijani na maegesho ya kulinda pale Greyville, na kwa miaka kumi na mmoja aliwapungia mkono watu wenye magari: rudi, rudi, simama. Alipopata lake mwenyewe, alilitafuta kwa ajili ya Diane. Binti yake huyo alikuwa akienda kwa kiti cha magurudumu tangu utoto, na taksi za mji huu hazisimami kwa mwenye kiti cha magurudumu. Dereva anakuona, anaona kiti, anageuza macho kwenye robot, zile taa za barabarani. Zile za kuitwa kwa simu nazo zilikubali, zikafika, zikaona kiti, zikaghairi.

Sasa Diane alikuwa na miaka kumi na minane, na mtihani wake wa kumaliza sekondari ungeanza Jumatatu ya juma lililofuata, saa tatu asubuhi. Aliyechelewa zaidi ya saa moja alifungiwa mlango. Shule ilikuwa juu ya kilima. Kesho yake gari lilipokufa, Jumatatu, Méthode alimsukuma hadi juu, wakakuta somo la kwanza limekwisha. Jumanne mvua iliwazuia chini ya kibaraza cha duka, wakafika saa nne na nusu.

"Papa, pumzika."

"Niko sawa."

"Unapumua kama ile basi ya Isipingo."

"Ni kilima ndiyo inapumua," alisema Méthode, na Diane akacheka, lakini mikono yake aliiweka magurudumuni, amsaidie baba yake bila kusema.

Fundi wa umeme aliitwa Melvin, Mkenya, mwenye karakana ndogo nyuma ya duka la matairi. Jumanne hiyo hiyo mchana, gari likiwa limevutwa kwa kamba hadi kwake, alifungua chini ya dashibodi, akatoa kisanduku cha bati kinachoenea kiganjani, akakifungua na kukinusa.

"Mzee, hii ndiyo kompyuta ya injini, ndiyo huwasha pampu, na imeungua. Nusa. Kuna mtu aligeuza waya?"

Pascal, aliyesaidia kulivuta gari, alikuwa ameenda kununua mkate.

"Gari ni nzee," alisema Méthode.

Melvin alimtazama kidogo, akaacha. "Sawa. Tafuta ingine. Namba zote za hii lebo zifanane, hadi ya mwisho. Na ukuje na ufunguo wa gari ilikotoka. Kichwani mwa ufunguo kuna kidude ambacho kompyuta inakijua. Bila hicho, ni kama mbwa wa jirani. Itakuangalia tu."

Walizunguka Jumatano, Alhamisi, na Ijumaa, Méthode na kile kisanduku ndani ya mfuko wa plastiki, Pascal kando yake. Hakuna aliyemwomba Pascal aje. Alikuwa mpagazi sokoni Warwick, na siku aliyokosa kusukuma mkokoteni, mwingine aliusukuma. Alikuja tu. Walipita yadi za magari mabovu upande wa bandari, malori ya makontena yakiwamwagia vumbi. Yadi moja ilikuwa na kompyuta ya gari la gia zinazojibadilisha zenyewe, haikufaa. Ya pili, namba ya mwisho ilikuwa saba badala ya tano. Ya tatu ilikuwa na namba zote, lakini gari lake lilizama kwenye mafuriko, na ndani ya kisanduku kulikuwa na kutu ya kijani.

Ijumaa saa nane waliingia yadi ya Belinda, mama mnene aliyekaa mlangoni na kikombe cha chai. Ndani mlikuwa na gari la kijivu, pacha kabisa na lake, lililogongwa nyuma tu. Méthode alisoma lebo ya kompyuta yake kwa kidole, mara tatu. Tano. Ilikuwa tano.

"Na ufunguo wake?" aliuliza kwa Kiingereza.

Belinda alinyoosha kikombe kuelekea ndoo ya rangi. "Zote ziko humo. Tunafunga saa kumi na moja."

Ndoo ilijaa funguo hadi ukingoni, mamia, bila alama hata moja. Pascal alivua koti. Aliingia ndani ya gari lile lisilo na viti, akapiga magoti kwenye bati, akachomeka ufunguo wa kwanza kwenye kitasa cha kuwashia. Haukugeuka. Akautupa upande, akachukua wa pili.

"Tubadilishane, kaka," alisema Méthode.

"Acha. Mi niko hapa."

Saa tisa. Saa kumi. Vidole vya Pascal vilichubuka, akavifunga leso, akaendelea. Méthode alisimama akiitazama shingo yake iliyoinama, jasho likishuka mgongoni, na polepole akaelewa. Mtu hachoki namna hii kwa ajili ya balaa ya mwenzake. Huchoka hivi kwa ajili ya kosa lake.

Belinda alikuja na kikombe chake. "Rafiki yako huyo amekukosea nini?"

"Anapenda funguo tu."

Ilipobaki robo saa, ndoo ikiwa imeshuka hadi theluthi, kitasa kilisema *krik*. Pascal hakushangilia. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani akabaki hivyo.

Jumamosi Melvin alifunga kompyuta ile, kisha akapasua kichwa cha ufunguo wake kwa wembe, akatoa kidude kidogo kama punje ya mchele, akakibandika kwa utepe chini ya usukani, karibu na kitasa. Hivyo ufunguo wa zamani ungeweza kuendelea na kazi. Méthode aliugeuza.

Nzzz.

Jumatatu Pascal alifika alfajiri kusaidia kupakia kiti. Saa mbili na dakika ishirini Diane alikuwa langoni mwa shule, kalamu mbili nywelini. "Papa, sasa nenda ulale," alisema, akajisukuma ndani bila kugeuka.

Wanaume wawili walibaki garini, kila mmoja akitazama mbele. Pascal alikuwa akisugua vidole vyake vyenye makovu mapya.

"Kaka," alisema. "Ile Jumapili. Kebo zangu. Kulikuwa na cheche."

Méthode aligeuza ufunguo, akangoja ile sauti imalize sekunde zake mbili.

"Mimi sikuona," alisema, kwa sauti ndogo sana.