Aliyecheka Msibani Kwetu

Yule bwana wa uhamiaji alikula msibani kwetu. Naanza hapo kwa sababu hasira yangu inakaa hapo mpaka leo. Alikula wali na kambale, akaongezewa mchuzi, akanawa mikono, akatuambia Mungu atupe nguvu. Alikuwa mteja wangu wa vitumbua pale Viwanja Sitini. Kila asubuhi shikamoo mama, marahaba mwanangu. Baba yangu alipofariki, bwana huyo alikuja mpaka kijijini kwetu Mchombe kuzika pamoja nasi, na mimi nikamwona muungwana.

Sasa, kwetu msiba bila watani ni msiba mkavu. Mtani wetu mkubwa alikuwa mzee mmoja, fundi baiskeli wa Mlabani. Alivaa koti la marehemu, akachechemea kama baba alivyokuwa akichechemea, halafu akajilaza ndani ya kaburi na kusema hatoki mpaka apewe kuku. Alipotoka akamgeukia wifi yangu, mke wa kaka, aliyekuwa amesimama na mtoto mchanga mgongoni.

“Jamani, mzee hakufa kwa maradhi,” alisema. “Kamalizwa na huyu Mrundi. Kavuka mpaka na tumbo lake, kaja kula mchele wetu. Mrudisheni kwao tupate kushiba.”

Wifi hakukawia. “Ningerudi zamani, mtani, ila mama yako alinililia nisiende. Alisema mwanawe hajui kupika na atakufa na njaa.”

Watu walicheka, hata waliokuwa wanalia. Bwana wa uhamiaji alicheka mpaka akatoa leso kufuta machozi. Nilimwona kwa macho yangu mawili.

Ni kweli wifi alizaliwa Burundi, na hatukuwahi kulificha. Mama yake alimvusha mpaka akiwa mgongoni, wakikimbia kuuawa. Wakahangaika huku na kule hadi bondeni kwetu, mama akapata kibarua cha kupalilia mpunga. Kirundi chenyewe wifi alikuwa hakijui, Kipogoro alikisema kunishinda mimi. Utani ule wa Mrundi tulimpa sisi wenyewe, maana mtu asiyetaniwa msibani ni mgeni. Wifi hakuwa mgeni.

Arobaini ya baba haijafika, Landrova ya serikali ikasimama mlangoni kwa kaka. Miaka ile amri ilikuwa imetoka kwamba wakimbizi wote wanaoishi mitaani wakusanywe na kupelekwa makambini. Wifi alitolewa shambani na tope miguuni, mtoto yuko kwenye titi. Mabinti zake wawili wakubwa wakaletwa kwangu.

Nilikwenda kituoni na kaka, na yule mzee mtani akatufuata na baiskeli yake. Nani tunamkuta mezani? Mla vitumbua. Safari hii shikamoo hakuna.

“Huyu ni mke wangu,” kaka alisema.

“Cheti cha ndoa kiko wapi?”

“Tulioana kimila. Mahari aliipokea mama yake.”

“Huyo mama yake yuko wapi atuambie?”

“Tumemzika Mchombe.”

Akatikisa kichwa kama mtu anayewahurumia wajinga. “Mama,” akaniambia mimi, “sikumtafuta huyu. Nyinyi wenyewe mlimtaja hadharani.”

Mzee mtani akavua kofia. “Mwanangu, yale yalikuwa ya msibani. Ule ni utani.”

“Utani wenu mimi siujui. Nijibu: ni Mrundi au si Mrundi?”

Mzee alimtazama, akatutazama sisi. Angesema si Mrundi angekuwa mwongo, na angesema ndiyo angekuwa amemuuza. “Ni mtani wangu,” akasema. Bwana yule akaandika anayoyajua yeye.

Mimi sisemi nchi isiwe na mlango. Hata kibanda changu kina mlango na kitasa, na ng'ambo ya mpaka watu walikuwa wanachinjana, wengine wanavuka na bunduki. Walinzi wawepo, sawa. Lakini mwenye nyumba mwenye akili anamuuliza mtu: umeingia lini, unaishi na nani, ukiondoka nani atalia? Wao hawakuuliza hata moja. Walimtoa mtu shambani kwa mumewe, wakasema wanalinda mlango. Upuuzi mtupu. Nilimwambia yule bwana hivyo hivyo, akatishia kuniweka ndani, nikamwambia niweke. Kaka ndiye aliyenivuta mkono.

Huruma yao ilikuwa hii: mtoto anayenyonya aende na mama yake, mabinti wakubwa wabaki kwa sababu baba yao ni Mtanzania. Wanagawanya watoto wa tumbo moja, halafu wanaita huruma.

Asubuhi ya kuondoka lori lilikuwa mbele ya kituo, liwapeleke wifi na wakimbizi wengine Morogoro wakapande treni ya Kigoma. Mabinti walinishika khanga, mmoja huku mmoja kule. Wifi akiwa juu ya lori alituangalia mmoja mmoja, kisha akamtafuta mzee wa Mlabani kwa macho. Utani haulazwi, lazima ulipwe.

“Haya mtani,” alisema kwa sauti ya kusikika, “narudi kwetu kama ulivyotaka. Mchele wote nimekuachia. Kula polepole usije ukapaliwa.”

Kwa mila zetu, hapo mtani anacheka na kujibu. Mzee akajifunika uso kwa kofia yake. Sisi wote tuliinama.

Aliyecheka alikuwa mmoja, yule bwana wa uhamiaji, mlangoni pa ofisi yake, mpaka akatoa leso.