Viazi Vilivyowaka kwa Mchuzi wa Mama

Mama alishuka kutoka Mgeta na kiroba cha viazi vya mbegu, akakitua mlangoni mwa maabara ya chuo ninakosoma. Hata shikamoo yangu aliipokea juu juu.

"Mwanangu, msimu uliopita mnyauko umenifagilia shamba zima. Hivi vina ugonjwa au havina? Niambie kabla sijavifukia."

Pamoja na viazi alileta ugali na kuku wa mchuzi, na kwenye bizari ya manjano mama hana mkono wa birika. Nikala kwa mkono, kama alivyonilea, nikanawa kwa sabuni, nikaingia kazini. Glavu zilikuwa zimeisha. Nikaona si neno.

Kazi yenyewe haina makuu. Unaweka maji ya kiazi kwenye kioo, unatia rangi inayonasa vijidudu vya mnyauko peke yao, unasuuza, kisha unachungulia kwa hadubini yenye taa ya bluu. Ukiona kijani kinawaka, kiazi kinaumwa. Ukiona giza, ni kizima.

Vyangu viliwaka. Vyote! Kijani cha kuelekea njano, utadhani ukumbi wa harusi. Mama alikuwa nje kwenye benchi, amekumbatia kiroba, na mimi ndiye wa kumwambia akavitupe. Nikamwita mwalimu wangu, ili angalau tuwe wawili wa kumkabili.

Mwalimu alianza na kioo cha maji matupu, kile tunachoweka kwa kulinganisha. Nacho kinawaka. Akasogeza kioo taratibu, mara mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Njoo uone bakteria wenye mistari."

Nikatazama. Ilikuwa alama ya kidole gumba, changu mwenyewe, kila mstari unang'aa.

"Mchana umekula nini wewe?" akauliza, huku ananusa vidole vyangu bila haya. "Manjano! Nayo huwaka kijani chini ya taa ya bluu."

Tukaazima glavu maabara ya jirani, tukarudia yote kwa vioo vipya. Giza. Kiazi baada ya kiazi, giza. Sijawahi kufurahia giza namna ile. Nikamwita mama achungulie.

"Sioni kitu," akasema.

"Ndiyo hivyo, mama. Mbegu yako ni nzima."

Akachungulia tena, akakawia. Kisha akajifuta macho kwa khanga.

"Miaka yote nimebeba kabichi mgongoni ili usome," akasema, "kumbe nilikuwa nalisubiri giza hili." Akajitwika kiroba, akaondoka anacheka na machozi yanamtoka.