Saumu Iliyoishia Kiranjeranje

Mimi ni mtu mzima mwenye shahada mbili na tumbo la mtoto mdogo. Gari likianza kukata kona, moyo unanichafuka. Likifunga breki ghafla, nakisikia chakula cha asubuhi kikiuliza njia. Dawa za asili za safari nimezijaribu zote. Nimetafuna tangawizi mbichi mpaka ulimi ukafa ganzi. Nimemung'unya ukwaju, nimefyonza karafuu, nimekaa kiti cha mbele nikikodolea macho mbali kama nahodha. Jirani yetu mmoja pale Lindi alinishauri nijifunge karatasi la khaki tumboni, chini ya shati. Nilifika Mtwara salama, ila kila nilipopumua nilisikika kama mtu anayefungua kifurushi cha maandazi.

Ukiondoa hilo karatasi na kule kukodoa macho, dawa zangu zilikuwa na kasoro moja: zote hupita mdomoni. Kasoro hiyo sikuiona mpaka Ramadhani ya mwaka juzi, tulipoitwa kufuturu kwa mama mkwe, Kilwa Kivinje.

Msafiri ana ruhusa ya kula, akailipa siku yake baadaye. Kila mtu analijua hilo, na mwaka uliotangulia niliitumia ruhusa hiyo. Nilikunywa maji njiani, nikafika, nikasema kweli. Mama mkwe hakunilaumu hata kidogo. Alinipikia uji, akanitandikia mkeka barazani, nikaunywa pale huku mashemeji zangu wakipita mmoja mmoja kwenda kuswali adhuhuri. Kila aliyepita alinipa pole, kama mtu aliyelazwa. Wa mwisho akaongeza, "Pole, kobe wetu." Kobe, kwetu, ni yule anayekula mchana wa Ramadhani akiwa ameficha kichwa. Mimi hata kichwa sikuwa nimepewa pa kukificha.

Kwa hiyo safari hii niliapa kufika nimefunga. Wakati wa daku mke wangu alijaribu kunishauri.

"Tumia ruhusa yako. Mungu amekupa, wewe unamrudishia?"

"Nitafunga."

"Unamfungia Mungu au kaka zangu?"

Nilijifanya nina tonge mdomoni.

Basi liliondoka Lindi kabla ya alfajiri. Nilikuwa nimebeba dawa pekee isiyomezwa: ndimu mbili mbichi, za kukwaruza ganda kwa ukucha na kunusa. Hata mzee mmoja wa kanzu aliyekaa mbele yetu nilimwuliza, baada ya shikamoo, kama harufu inaharibu saumu. Akasema kunusa si kula, ingawa ni vizuri mtu asizidishe.

Nilizidisha. Tulipokaribia Kiranjeranje daku lilianza kupanda. Wali wa nazi ni mtamu ukishuka. Ukitaka kurudi hauna adabu. Jasho lilinitoka, masikio yakaziba. Kichwani nilikuwa na sheria moja tu, ambayo sijui niliitoa wapi: ukitapika, umefungua. Nikakaza meno. Nikaikwaruza ndimu ya kwanza mpaka ikawa nyeupe, nikaiweka chini, nikashika ya pili. Ganda likaisha harufu, nikaipasua kwa kidole gumba, nikaibana puani na kuvuta pumzi kwa nguvu zangu zote.

Basi likapanda tuta.

Mkono uliminya wenyewe. Maji ya ndimu yaliingia puani, yakapita nyuma ya macho, yakateremka kooni, nami nikayameza kabla sijakumbuka ni mwezi gani. Nilikohoa mpaka kondakta akaja na mfuko. Sikuuhitaji. Kichefuchefu kilikuwa kimekwisha kabisa, na hadi leo sijapata dawa inayofanya kazi haraka kama ile, ingawa simshauri mtu.

Mzee aligeuka. "Vipi, mwanangu?"

"Ndimu, mzee. Imeingia puani."

"Ikaishia puani?"

"Imeteremka."

"Ukaimeza?"

"Nimeimeza."

"Kwani ulikuwa unakimbia nini?"

"Kutapika. Nisije nikafungua."

Mzee alinitazama kwa huruma. "Matapishi yakija yenyewe hayafunguzi, bwana. Anayefungua ni anayejitapisha. Ungetapika zako, ukasukutua, ukaendelea na saumu yako."

"Na ndimu?"

"Ndimu uliishika mwenyewe."

Mke wangu alikuwa amegeukia dirishani, anatazama mikorosho. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na barabara pale ilikuwa tambarare.

Tuliposhuka Nangurukuru, njia panda ya Kivinje, basi likaendelea na yule mzee kuelekea Dar es Salaam, nikaona mlango umefunguka. Shahidi mmoja ameondoka; wa pili nimemwoa. Nikamwambia kwamba si lazima kila jambo lifike Kivinje.

"Wewe sema unachotaka," alisema. "Mimi simo."

Mama mkwe alitupokea mlangoni. Mashemeji wawili walikuwa wamekaa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona macho mekundu? Umefunga leo?"

Mashemeji waliinua vichwa. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimelizoeza njia nzima kutoka Nangurukuru. Lakini yule mama alikuwa anangoja jibu huku amenishika mkono, na mkono wangu ulikuwa unanuka ndimu.

"Nilifunga, mama," nikasema. "Mpaka Kiranjeranje."

Yaliyobaki aliyasimulia mke wangu, aliyesema hayumo. Aliyasimulia kwa vitendo, pamoja na kukohoa. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa kizingitini, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga na kwenda jikoni.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa kwenye mkeka uleule. Uji ulikuwa na tangawizi nyingi, na pembeni ya bakuli palikuwa na kisahani chenye kipande cha ndimu. Shemeji wa mwisho alisimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Pole, kobe," alisema. Kisha akakitazama kile kisahani. "Hiyo ni ya uji, au ya pua?"

Nikaikamulia kwenye uji, taratibu, nimeiweka mbali na uso.