Mbwa wa Evarista na Vitenge vya Sare

Evarista Kihwele wa Soweto, Mbeya, ni binti wa Crispin Kihwele, aliyechimba mfereji wa maji kule Ilula kwa jembe lake mwenyewe mpaka majirani wakaona aibu, wakaja kumsaidia. Ni mjukuu wa Sabina, aliyetembea kwa miguu kutoka Iringa hadi Igawa, mtoto mgongoni, kumfuata mume aliyekwenda vibaruani akasahau kurudi. Alimkuta, na alimrudisha. Evarista mwenyewe amechambua kahawa kiwandani miaka ishirini na miwili, hajachelewa hata siku moja, hata ile asubuhi ambayo upepo ulikuwa umeng'oa nusu ya mabati yake.

Basi mtu wa ukoo huo akisema namchukua, ameshachukua.

Alilisema neno hilo Ilula mwezi wa sita, kaka yake Fidelis alipokuwa anahamia Makongolosi kwa mwanawe. Mbwa wao, Tomi, hakuwa na wa kumlisha. Evarista ni mjane, na watoto wake wote wana miji yao. Akamtazama yule mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala, akasema, "Huyu namchukua mimi." Wakampakia kwenye basi ndani ya tenga la nyanya.

Jioni, Evarista alipotoka kazini, Tomi alimpokea getini kwa kuzunguka mara tatu na kupiga chafya. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu ampokee namna hiyo.

Lakini kazi ni kazi. Geti lilifungwa saa moja asubuhi, likafunguliwa saa kumi na moja na nusu, na katikati hapo Tomi alilia. Hakubweka kama aliyeona mwizi. Alilia kwa kuvuta, kama mfiwa. Evarista akamwachia redio, Tomi akaitikia kwaya zote. Akamwachia mfupa wa supu, ukaisha, kilio kikaendelea. Akakimbia nyumbani kwa bodaboda wakati wa chakula. Alipoondoka tena, mbwa akalia mara mbili ya mwanzo.

Ndipo akaja Mzee Isakwisa, mjumbe wa mtaa, mstaafu wa reli anayependa kulala mchana.

"Mtani," akaanza, kwa ule utani wa kwamba Wahehe hula mbwa, "Mhehe gani anakaa na mboga miezi mitatu haijaingia chunguni?"

"Namnenepesha, mtani. Nikimmaliza yeye nakuja kwako."

Wakacheka wote wawili. Kisha mjumbe akaacha kucheka.

"Dada Evarista, mtaa umelalamika. Nakupa mpaka Jumapili. Akinyamaza, kaa naye. Asiponyamaza, mrudishe alikotoka."

"Alikotoka kumefungwa kufuli."

"Basi mtafutie pengine."

Pengine hapakuwapo, na Evarista alijua.

Ijumaa alirudi kutoka kazini akakuta kimya. Akadhani mbwa kafa. Kumbe Tomi alikuwa amelala kibarazani, kajikunja juu ya kitenge cha Evarista alichokivuta kambani. Tena si kitenge chochote: ilikuwa sare ya harusi ya Nusrat, binti wa jirani yake Siwema, na harusi ni kesho. Wanawake kumi na wawili wa mtaa walikuwa wamenunua jora moja.

Evarista hakuficha. Akaenda kwa Siwema, akasema yote.

"Mbwa kakilalia?" Siwema akashika kichwa. "Mama wee! Sasa sikiliza, shoga. Kifue mara saba, mara moja kwa udongo, halafu njoo. Bila wewe nani atanipikia pilau ya watu wote wale?"

Evarista, Mkatoliki wa kuzaliwa, akafua mara saba akihesabu kwa sauti. Asubuhi akamaliza kukikausha kwa pasi.

Jumamosi alasiri vigelegele vimepamba moto, Tomi huyo! Alikuwa amechimba chini ya uzio. Akamkuta Bupe, mke wa mjumbe, akamzunguka mara tatu akapiga chafya. Akamwona Mama Lugano, akamzunguka. Kila mwenye kitenge kile akapokelewa kama anatoka kazini.

"Asiniguse, nina udhu!" Siwema akapiga kelele, akapanda juu ya kiti na dhahabu zake zote. Tomi akaketi chini ya kiti, akamtazama kwa heshima.

Watu wakacheka mpaka ngoma ikasimama. Mzee Isakwisa akajisafisha koo ili atoe uamuzi, lakini mkewe akamwahi.

"Wewe nyamaza. Huyu mbwa hana ubaya, ana upweke. Si unaona anadhani sote ni Evarista?"

Hapo ndipo damu ya Sabina ilipoamka. "Mjumbe, Jumapili bado," Evarista akasema. "Tupange zamu, kama tunavyopanga kwenye misiba. Kila mchana mmoja apite na sare yake, akae naye kidogo."

Wakakubali. Hata Siwema alisema, "Yangu Jumatano. Nitamsemesha nikiwa upande wangu wa uzio, na maji nitampa kwa mpira."

Jumatatu, kwenye meza ya kahawa, Evarista alichambua punje huku jicho liko kwenye simu. Saa saba ukaingia ujumbe wa Bupe: "Amelala. Na mzee amelala." Evarista akacheka peke yake, wenzake wakadhani amepandishwa cheo.

Mbwa akabaki. Ila Alhamisi jioni aliyepangwa Ijumaa akawa anauguza, na Bupe, ambaye angemshikia zamu, akaitwa Tukuyu. Evarista akakunja kitenge chake, kile kilichofuliwa mara saba, akakipeleka kwa mjumbe.

"Kesho saa sita kamili, bwana mjumbe. Ni zamu yako."

"Mimi? Nijifunge kitenge?"

"Mabegani panatosha. Na usikae mbali naye, anapenda kuegemea mguu."