Mama Aliyetaka Kunibebea Mimba

Usiniambie niliota. Ilikuwa mchana, nilikuwa macho, na nilikuwa nasikia mafuta ya Mama Mwajuma yakichemka nje, akikaanga mikate yake ya kuuza, kama maandazi. Anayeota hasikii mafuta ya jirani. Wengine niliowasimulia walisema ni damu iliyonipungukia. Sawa. Wewe sikiliza kwanza, halafu utaamua mwenyewe.

Tunakaa Kabondo, hapa Kisangani, mume wangu Ezekieli na mimi. Yeye anafundisha sekondari. Mimi nilikuwa nauza samaki wa moshi ambao dada zangu walinitumia kutoka Isangi, mpaka mimba ile iliponilaza kitandani. Daktari alitueleza polepole: kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Nisibebe maji, nisisonge ugali, nilale tu. Damu ikitoka, hata kidogo, mbio hospitali.

"Na kama munasali," akasema, "musali."

Tulikuwa tunasali, niamini. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Ezekieli alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka mkono tumboni mwangu, akaongea na Mungu kama mtu anayeongea na mjomba mkubwa: kwa heshima, lakini bila kukubali kuondoka mikono mitupu. Tulikuwa tumeshapoteza mimba mbili. Hizo ziliharibika Yangambi, kabla hatujahamia mjini, na hapa Kisangani hatukumwambia mtu yeyote. Si mchungaji, si majirani. Ukisema jambo kama hilo watu wanaanza kutafuta mchawi, na wa kwanza kutajwa ni mama mkwe. Hatukutaka hayo.

Wamama wa maombi wa kanisa letu walikuwa wakija kuniona. Wanakuja kundi, unawasikia wakiimba tangu barabarani, na mmoja daima analeta pondu, yale majani ya muhogo, ndani ya sufuria. Siku ile haikuwa siku yao. Na aliyekuja alikuwa peke yake, kimya, mlangoni.

Alijifunga kitambaa cheupe kichwani kama wao. Alikuwa mwembamba, tumbo limeshikana na mgongo. Nakumbuka sana tumbo lile, kwa sababu mwanamke mwenye mimba anaangalia matumbo ya wenzake hata bila kutaka.

"Bwana asifiwe, mama."

"Milele na milele," nikajibu. "Karibu. Wengine wako wapi?"

"Niko mimi tu. Balinituma nikuombee."

Hakungoja nimwonyeshe kiti. Aliketi kitandani, karibu na miguu yangu, na godoro halikushuka. Hapo ndipo roho yangu ilianza kusita. Nikamuuliza anakaa kata gani, akasema, "Hapa hapa." Nikamuuliza jina. Akasema, "Uniite mama tu." Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Umfukuze mtu aliyekuja na jina la Bwana mdomoni? Labda ni mgeni kanisani. Labda mchungaji amemtuma. Nilijilaumu kwa kumshuku, na bado nikaendelea kumshuku.

"Ni nani kule kanisani aliyekutuma?" nikamuuliza.

Akatabasamu. "Wewe. Asubuhi ulisema: nimechoka, nitumie mutu wa kunisaidia."

Ni kweli nilisema. Lakini neno hilo nililisema moyoni, Ezekieli akiwa ameshaondoka, mdomo wangu umefungwa. Nani alilisikia? Nilikuwa nimeomba msaada, na hapa kuna mtu anasema yeye ndiye msaada. Machozi yalinitoka. Nilidhani, pengine ndivyo Mungu anavyojibu, na mimi nimekaa hapa kumhoji mtu wake kama polisi wa barrière, kizuizini barabarani.

Akanyoosha mkono, akauweka juu ya tumbo langu. Haukuwa wa baridi wala wa moto. Ulikuwa kama hakuna mkono.

"Mimba iko inakulemea," akasema kwa huruma. "Leta nikubebee kidogo. Leo tu. Ulale."

Nikasikia tumbo langu linakuwa jepesi. Usicheke. Kiuno kilichoniuma wiki na wiki kikaacha kuuma. Pumzi ikashuka mpaka chini, kama zamani. Nilitaka kulala, kweli nilitaka. Halafu nikagundua kwamba mtoto, ambaye tangu asubuhi alikuwa anapiga teke, amenyamaza. Nikamtazama yule mama. Kitenge chake, pale kwenye tumbo, kilitikisika. Mara moja. Mara tena.

"Usiogope," akasema. "Bale babili ba mbele nilikubebea muzuri. Habakulia hata kidogo."

Bale babili! Ni nani Kisangani yote aliyejua habari za wale wawili?

Nilimkamata mkono nikautupa mbali. Maombi mazuri hayakuja mdomoni, wala mstari wa Zaburi. Nilipiga kelele tu: "Hapana! Huyu iko wangu! Hata akinilemea, nitamubeba mimi mwenyewe! Yesu, huyu iko wangu!"

Hakukasirika. Alisimama polepole, mkono mmoja kiunoni, kama sisi wenye mimba tunavyosimama. Akakaza kitenge chake.

"Bon, sawa," akasema. "Basi nitabeba bale bengine."

Akatoka. Uzito wote ukanirudia mara moja, mtoto akapiga teke, na damu ikaanza kutoka.

Mama Mwajuma alikuwa ameshasikia kelele, akaingia mikono bado ina unga. Yeye ni mtu wa Kindu, Mwislamu, hana habari na wamama wetu wa maombi. Alipoona shuka alisema "Ya Allah" na kukimbia kuita taxi-moto, pikipiki ya abiria. Tulipanda watatu: dereva, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia. Njiani, ili nisizimie, akawa ananisemesha.

"Yule mugeni wako naye iko karibu kuzaa, eh? Anatembea kwa shida. Tumbo kubwa vile, kwa nini anatembeatembea?"

Nilishika tumbo langu kwa mikono miwili.

Walinipasua mara tulipofika. Yosua alizaliwa mdogo kama panya wa maji, lakini alilia. Ezekieli alikuwa koridoni bado ana chaki mikononi, akasikia kilio kile akaanguka magoti mbele ya watu wote. Mimi sikukisikia. Damu ilikataa kusimama, na daktari, ili aokoe maisha yangu, alitoa mfuko wa uzazi. Alinieleza kesho yake, amekaa kando yangu, bila haraka. Alisema kondo lilikuwa limeshika vibaya, hutokea, si kosa la mtu. Ninamheshimu sana. Lakini nilipoelewa kwamba sitazaa tena, nilisikia sauti ile: basi nitabeba bale bengine.

Kanisani hakuna aliyetumwa siku ile. Mchungaji aliuliza kila mmoja. Ezekieli ananiambia, "Mama Yosua, tuliomba mutoto, Mungu alitupa mutoto. Ingine ni damu ilipungua, ukaona vitu." Anasema kwa upendo, na mimi namshukuru Mungu kwa Yosua kila siku. Amekua, anakimbia, ana kelele nyingi. Lakini damu yangu ilipungua. Ya Mama Mwajuma haikupungua. Yeye alimwona akitoka, na hata leo anasimulia vilevile, bila kuongeza wala kupunguza.

Kwa nini ninasimulia sasa? Kwaya yetu ina binti mmoja anaitwa Shantali. Ana mimba ya kwanza, presha imepanda, wamemlaza nyumbani. Mume wake anafanya biashara mtoni, hayupo. Jumapili nilimpelekea ndizi, akaniambia amefurahi, kuna mama wa maombi alimtembelea, mama mwema sana, akamwambia atamsaidia kubeba.

"Ulimujibu nini?" nikamuuliza.

"Nilisema asante, mama. Nikamwambia arudi."

Siku hiyo hiyo nilihamisha mkeka wangu. Ndiko niliko sasa, kwa Shantali. Mchungaji anakuja, Mama Mwajuma anakuja, Ezekieli anatuletea chakula pamoja na Yosua. Hatumwachi peke yake hata anapokwenda kuoga. Akichoka, analia, nami namsikiliza, namkanda miguu, na tumbo lake analibeba mwenyewe.

Kama nyumbani kwenu kuna mwenye mimba ngumu, salini, na daktari mumfuate, lakini msimwache peke yake akiomba msaada, maana hujui ni nani anayesikia. Na wewe uliyelala hapo umechoka, mtu akija kwa jina lolote akasema lete nikubebee, usimwambie ndiyo. Usimwambie hata asante.